Kabla Hujailaza Bastola Mpya

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na za woga kidogo. Natumaini u mzima, wewe na shemeji na watoto wetu wote wa hapo kwako, na kwamba kifundo cha mkono hakikusumbui kama zamani. Sisi huku tunaendelea. Ningependa kuandika kwamba hatujambo kabisa, lakini huo ungekuwa uongo, na barua hii sitaki ianze na uongo.

Najua unaisoma ukiwa umesimama mbele ya kaunta ya fundi wa silaha, kasha likiwa wazi. Nilimwomba aiweke barua juu ya bastola, isikae pembeni, na asikukabidhi kitu mpaka uisome yote. Alilalamika kwamba yeye anauza silaha, hasambazi barua. Nikambembeleza, kazi ambayo wewe unajua siiwezi. Basi usimkaripie. Vuta kile kiti chake kibovu, ukae. Simu zangu hupokei, nyumbani kwako ulisema nisikanyage, na mimi lazima nikufikie kabla hujaishika hiyo bastola. Ninaogopa, dada. Ninaogopa utaishika kama tulivyozoea kuishika ile ya baba, na mtu aumie.

Habari za ununuzi wako amenipa fundi mwenyewe. Alinipigia akicheka, akaniambia, Mdomo, ule ubishi wa chuma na plastiki umeshinda, dada yako ameagiza bastola ya plastiki, tena aina ileile uliyo nayo wewe. Akasema umechoka na uzito wa chuma, mkono unauma, ila ukamwapisha asiniambie. Nami nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama mtoto. Nilikwishaanza kuipanga kichwani makala ya jarida la klabu. Kisha nikakumbuka meza ya ofisini kwako pale kituo cha mafuta, na wale wasichana wa hesabu wanaokaa mbele yako jioni unapofunga, nikaiacha makala.

Najua kilichotutenganisha ni ile makala yangu kuhusu waabudu chuma. Niliandika juu ya mama mmoja mwenye kituo cha mafuta anayetembea na nanga ya meli kwenye mkoba. Sikutaja jina, lakini klabu nzima ilijua, wakacheka, nawe ukaondoka bila kumalizia chai yako. Nilijitetea kwamba ule ulikuwa mjadala. Dada hajadiliwi gazetini. Nisamehe kwa hilo, halafu tuendelee, maana lililonileta ni kubwa kuliko hilo.

Tangu uache kuja, mabishano pale klabuni hayajapoa. Wenye bastola ni watu wa ajabu: ukimtukania mtu mkwe wake atanyamaza, ukimtukania bastola yake atatafuta kiti akae akujibu. Mjeda mstaafu, yule mwenye sharubu, bado anashikilia kwamba silaha yenye fremu ya plastiki ni kopo la maji. Anasema risasi zikimwishia, yake ya chuma atampigia mtu kichwani amlaze chini. Ya kwangu nitamfanyia nini mwizi, nimpepee? Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kinywaji. Nami nikamjibu kwamba anayepanga vita vyake kuanzia risasi zitakapokwisha ameshakiri kwamba halengi sawasawa. Hapo wakamcheka na yeye.

Daktari wa meno yuko upande wangu. Anasema mkono wake ni mdogo, na hii plastiki ina vipande vya kubadilisha nyuma ya mshiko, kwa hiyo kwa mara ya kwanza ameshika bastola iliyokumbuka kwamba yeye yupo. Anaibeba kutwa bila bega kumshuka. Haishiki kutu kwa jasho. Risasi inabeba nyingi zaidi. Lakini hata yeye anakubali kwamba wepesi wake una gharama: inaruka mkononi, wakati chuma hutulia kama ng'ombe aliyeshiba. Tajiri wa malori yeye aliiacha yake ya plastiki juu ya dashibodi juani, akasema anangoja iyeyuke kama jagi, apate cha kunisimanga. Haikuyeyuka. Akadai jua la siku ile lilikuwa dhaifu.

Jambo moja mjeda alilisema ambalo sikulipa uzito. Alisema chuma cha zamani kina uso: nyundo ikirudi nyuma unaiona, ukiweka dole gumba unaisikia. Hii ya kisasa nyundo yake imefichwa ndani, huwezi kujua imelala au iko macho. Nilimwambia anayetaka uso akanunue kioo. Naye hata hakuwa amelifikia jambo lenyewe. Katika makelele yetu yote hakuna aliyelifikia, kwa sababu hakuna mwingine aliyelelewa na baba yetu.

Unaikumbuka ile ya kuilaza. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye maghala, anaketi, anachomoa magazini yenye risasi, anaelekeza mdomo wa bastola sakafuni na kuvuta triga mbele yetu. Triga inalegea, haifanyi kitu. Anasema, mmeona, imelala. Kisha ndipo anaikoki polepole kuitoa ile risasi moja iliyobaki ndani. Tulidhani hiyo ndiyo sheria ya bastola zote duniani. Wewe uliirithi ile bastola, mimi nikaanza na ya jinsi hiyohiyo, na sote wawili tumekuwa tukilaza hivyo maisha yetu yote ya kubeba silaha, wewe kwa haraka kuliko mimi, ukiongea na mtu, bila kutazama.

Dada, nisikilize hapa hata kama umenichukia. Ile ya baba ilitengenezwa hivyo makusudi. Ndani yake kuna kipande kinachokata triga magazini ikitoka. Bila magazini haipigi, hata kama risasi imo ndani. Hiyo iliyo mbele yako haina kipande hicho. Nyingi za aina hiyo hazina. Ukichomoa magazini na risasi imo kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, ukivuta triga, itapiga. Itapiga kama kawaida yake, haitakuuliza baba yako alikuwa nani. Na zaidi ya hapo, ili uifungue kuisafisha, ni lazima uvute triga kwanza, ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo kile kidole ambacho baba alikizoesha kuuliza kama imelala, hii inakualika ukitumie kila unapoisafisha.

Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwanzo kabisa, kwa maandishi mekundu. Lakini wewe hukusoma hata maelekezo ya mashine ya kufulia, uliipiga teke mpaka ikakubali. Nami niliyesoma vitabu vya kujaza ukuta, niliyeandika kurasa na kurasa kuisifu plastiki, nilikiacha kitabu hicho ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nilijiona najua bastola. Nilikuwa najua bastola moja.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka. Wifi yako hakuteleza bafuni.

Uliposikia ameumia mguu ulituma matunda na yule msichana wako wa ofisini, ukamwambia amsisitizie anunue mkeka wa mpira wa kuweka bafuni. Wifi yako alipokea, akashukuru, akanitazama. Mimi nikatazama nje.

Ilikuwa mchana, baada ya kutoka uwanjani kulenga shabaha. Nilikaa mezani na ile yangu ya plastiki, nikatandika gazeti, nikatoa kitambaa na mafuta. Yeye alikuwa jikoni, upande wa pili wa ule ukuta wa mbao nyembamba, akinipigia kelele kwamba chai inapoa. Nikamjibu nakuja, nailaza kwanza. Nikachomoa magazini. Nikavuta triga. Sikuielekeza hata sakafuni kama baba, maana baba alikuwa mwangalifu kuliko mimi, niliielekeza ukutani. Mlio uliziba masikio yangu. Nakumbuka nilitazama magazini iliyokuwa mkono wa kushoto kana kwamba ndiyo iliyonisaliti. Kisha nikasikia sufuria ikianguka.

Risasi ilipita kwenye paja, juu ya goti. Haikugusa mfupa wala mshipa mkubwa. Daktari aliyemshona aliniambia ingepanda kidogo tu angekuwa ananipa pole ya aina nyingine. Polisi walikuja, niliwaeleza kila kitu, bastola wameichukua na leseni imesimamishwa. Kwa hiyo serikali inajua, hospitali inajua. Wasiojua ni ndugu na klabu. Habari ya bafuni niliibuni mimi tukiwa ndani ya gari tukirudi nyumbani, yeye akiwa amelala kiti cha nyuma. Hakunipinga. Alisema tu, haya, kama unaona hivyo ndiyo bora. Tangu siku ile mlango ukibamizwa anashtuka na kushika paja, halafu ananitabasamia ili nisijisikie vibaya. Tabasamu hilo, dada, ndilo linaloninyima usingizi.

Na klabuni niliendelea kwenda kubishana! Bila leseni, bila bastola, nimekaa palepale nikitetea plastiki, nikimwambia mjeda akanunue kioo. Niliwahi kuandika kwenye jarida lao kwamba hakuna ajali ya silaha, kuna wajinga wenye silaha. Waliikata sentensi hiyo wakaibandika ukutani karibu na mlango. Napita chini yake kila ninapoingia.

Wala sisemi usiinunue. Utanicheka, lakini bado ninaamini ni bastola nzuri. Mkono wako unauma, na njia ya kwenda benki si salama kwa mwanamke anayejulikana anabeba nini. Plastiki haikumpiga mke wangu. Aliyempiga ni mimi, kwa mazoea niliyoyaita ujuzi.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwambie fundi akuonyeshe hapohapo kwenye kaunta, kabla hujalipa. Toa magazini. Koki, koki tena, ishikilie ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo usikie kwamba ni tupu. Macho na kidole, vyote viwili. Rudia mpaka fundi achoke. Na lile neno letu la kulaza tuliache kwenye bastola ya baba. Hii hailali. Ukijiona mkono unakwenda wenyewe kwenye triga, kama nilivyouona wangu, basi irudishe kwenye kasha na uondoke, na mtu asikucheke. Akikucheka, nitajie jina lake nimwandike, hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiweza.

Mkutano ujao wa klabu nitasimama niwaeleze. Mjeda atanichinja, najua, na nitamwacha amalize. Sentensi yangu ya ukutani nitaibandua mwenyewe. Lakini wewe nilitaka ulisikie kwanza kutoka kwangu, kwa sababu kati ya wote wanaonisoma ni wewe tu mwenye kidole kama changu.

Wifi yako anakusalimu sana. Ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Pale nilipoandika awali kwamba ilitokea bahati mbaya, alikata kwa mstari, akanirudishia karatasi na kalamu. Ndiyo maana unasoma nilivyofanya, husomi ilivyotokea. Anatembea kwa mkongojo, na amesema safari hii umletee maneno yako mwenyewe, matunda yametosha.

Nisalimie shemeji, na watoto, na wale wasichana wa hesabu ambao hawanijui. Nitakuwa na simu mkononi leo kutwa. Ukitaka kunitukana, piga unitukane, ukate. Nitajua umefika nyumbani na hakuna aliyeumia.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo