Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Pasiansi babu yako bado anakohoa, lakini anakula.

Unauliza kati ya kompyuta za Windows na Mac, ipi haisumbui. Nilipokuwa msichana mpiga chapa, ofisi yetu ilikuwa na zote mbili. Mac aliichagua mwenzangu Kulwa ofisi ilipokuwa inanunua, nikapewa mimi kuitumia. Niliipenda, nikaifumia kitambaa kizito, nikaifunika juu kama tunavyofunika redio nyumbani. Sikukitoa hata nilipoiwasha. Ile nyingine hakuna aliyeijali, ikakaa wazi.

Mac ikawa inajizima kila siku. Bosi aliponiuliza, nikamjibu kwamba aina hiyo ni mbovu. Kulwa akafukuzwa kazi kwa kuichagua.

Siku ya kuihamisha nilivuta kitambaa, nikakuta matundu ya hewa chini yake yana moto kama pasi. Nikaelewa kilichokuwa kinaizima. Nikakikunja, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda nacho nyumbani.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kuulizwa ipi ni nzima. Kulwa anakaa Mkolani, tunasali kanisa moja. Jumapili alimkataza binti yake asinunue Mac, akanigeukia nithibitishe.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Bibi yako