Valvu Uliyoifunga Jumatano, Baba Pancras

Mwaka umetimia, Desderius, tangu ulipoanguka kwenye stendi ya Benaco ukiwa umebeba mfuko wa viungio vya bomba. Bwana alikuita ghafla, hukupata hata nafasi ya kutuaga. Sisi wa nyumbani kwako Mugoma bado tunakuwekea sahani kwa kusahau.

Ulikuwa mume mwema, Baba Pancras. Ulinisubiri nje ya darasa la jioni mvua ikinyesha, mwavuli mkononi, na hukuwahi kuuliza bibi wa wajukuu watano anatafuta nini kwenye daftari. Hukula kabla ya sala. Miaka thelathini na moja uliitumikia ofisi ya maji, na bomba likipasuka hata siku ya Pasaka ulivaa mabuti ukaenda.

Ila ulikwenda peke yako. Aliyekufuata ulimrudisha. Vifuniko vya chemba ulivifukia kwa udongo, juu yake ukapanda viazi vitamu, ili mtu asijue valvu iko wapi. Ulituambia, "Siku wakijua ninachojua, wananipa barua ya kustaafu." Tulicheka. Mungu atusamehe kicheko kile.

Unamkumbuka Joan, mhandisi mgeni, alivyokuja nyumbani na daftari lake.

"Shikamoo mzee. Naomba tutembee pamoja njia yote ya bomba, nichore ramani, ibaki ofisini."

"Marahaba mwanangu. Ramani ipo." Ukagonga paji la uso. "Hii hapa, na hailiwi na mchwa."

"Na siku ukizikwa nayo, mzee?"

"Mtanifuata kaburini mniulize!"

Majirani waliokuwa uani walishika mbavu. Binti wa watu akafunga daftari, akamaliza chai, akaondoka.

Jumatano ulifunga valvu ya tawi letu ili ubadilishe kiungio kilichokuwa kinavuja. Alhamisi ulifuata vifaa Benaco, ukafa. Maji ya vijiji vitatu yalibaki yamefungwa kwa mkono wako. Waliokuja kukulilia walishuka bondeni kuchota maji ya kupikia kwenye msiba wako, wakapanda wakihema, na tulisikia waliyokuwa wakisema.

Joan na mafundi wamechimba mashimo themanini wakifuata mchoro wa zamani. Bomba halipo. Ulilihamisha mwaka ule korongo lilipobomoka, na ofisini hukumwambia mtu.

Mwezi wa nane Irakoze, binti wa jirani yetu Marsiana, aliteleza bondeni na dumu kichwani. Mfupa wa mguu umeunga vibaya, ndivyo atakavyotembea. Marsiana alitukuta tunapalilia kaburi lako. Akaupiga msalaba wako kwa dumu tupu.

"Fundi! Si ulisema tuje kukuuliza? Tumekuja. Sema!"

Akasubiri kweli, Baba Pancras. Aliinama akatega sikio. Kisha akatugeukia. "Mnaona? Hata kufa, amekufa na uchoyo wake."

Nimesali rozari kila siku nikiomba nipewe neno la kumjibu.

Wiki iliyopita mwanao Pancras alikutana Nyakisasa na mzee mmoja aliyekuwa akiwauzia chakula vibarua wako mwaka ule wa korongo. Kumbe mtaro wa kuhamishia bomba ulichimbwa na vijana wanne wa Biharamulo. Uliwachukua huko makusudi, alisema, ili wakimaliza waende mbali na waliyoyaona. Jina analikumbuka la mmoja tu, Wiston.

Kwa hiyo maneno haya, ingawa tunakuambia wewe, tumeomba yasomwe pia kwenye makanisa na misikiti ya Biharamulo. Wiston au mwenzake yeyote akiyasikia, kwa huruma ya Mungu aje atuonyeshe mahali. Hatutamuuliza kwa nini alinyamaza. Na wewe, kama huko uliko marehemu wanaruhusiwa kuwaombea walio hai, mwombee afya huyo kijana, asife kabla hajafika.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi hii kigangoni, saa tatu asubuhi. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaalika majirani. Wametuambia watakuja siku maji yatakapokuja.

Unakumbukwa na mkeo Eustakia, wanao Pancras na Francisca, dada yako Bonifasia na wajukuu wako wote. Kukusahau hatutaweza, Baba Pancras. Kila alfajiri tunashuka bondeni, na wanaotutangulia njiani wanalitaja jina lako.