Funza wa Kidondani Mwangu

Ikungi, Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye uji.

Kuna jambo nimelificha humu ndani, na anayeadhibiwa ni mkwe wangu, Neema. Moyo wangu umechoka. Sitaki kuzikwa nalo.

Mwanangu Elia, mumewe, alipokuja kutoka Singida mjini alikuta funza kwenye kidonda cha mguu wangu. Akamgeukia mkewe: "Shuka za baba hupigi pasi! Kikulacho ki nguoni mwako." Alidhani ni funza wa yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, ambaye mayai yake huuawa na joto la pasi. Akaapa kwamba Jumamosi atamrudisha kwao Mungaa.

Mimi nikavuta shuka, nikaufunika mguu.

Binti mmoja aliyekuja kijijini kutafiti nzi waletao maradhi aliwachukua wale funza kwenye kichupa cha spiriti. Alisema wakiwa wadogo hivyo macho hayatoshi kuwatofautisha. Husomwa vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo kiumbe hurithi kwa mama yake, kisha hulinganishwa na vya nzi wanaojulikana. Mimi niliyefundisha biolojia nilimwelewa upesi. Nikaogopa. Nikamshuku hata yeye: mbona ana hamu hivi na kidonda changu?

Leo amepiga simu. Elia akaweka spika.

"Shikamoo babu. Si wale wa kwenye nguo. Ni nzi wa kijani, hutaga kwenye kidonda kilichoachwa wazi."

"Kumbe hata kufunga hufungi!" Elia akafoka.

"Nafunga kila asubuhi," Neema akasema. "Baba ni shahidi."

Wote wakanitazama. Nikaomba maji.

Neema akaniletea. Nikayanusa kabla ya kunywa, kama nifanyavyo siku zote.

Tangu mke wangu afariki sijauamini mkono wa mtu. Neema hunipa mgongo akiandaa dawa ya kidonda, nami hujiuliza anatia nini humo. Shamba la alizeti nikifa ni la nani? Usafi wake nao niliutilia shaka. Mtu asiye na lake jambo hujitahidi hivyo kwa mzee wa watu?

Elia, najua husoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni. Usimrudishe mkeo.

Kila alipokwenda kisimani nilikaa mlangoni penye mwanga, nikaifungua bandeji kwa mkono wangu mwenyewe, nikakinusa kidonda nikitafuta sumu.