Maua ya Waru ya Kiirua

Kwako Baba uliyetutangulia,

Nakuandikia nikiwa Nchiru, katika chumba ninachokodi karibu na chuo, ambako wanafunzi huniletea picha za wapenzi wao niwachoree. Kazi hii ungeicheka. Lakini juzijuzi nilipata mteja nisiyemtarajia. Mama alinipigia simu kutoka Embu, kwa mwanao Murithi, anakoishi tangu tulipolikodisha shamba, akasema anataka kuagiza picha ya maua. Nikamwambia mzazi haagizi, anasema tu. Akakataa. Alitaka iwe kazi ya kuagizwa, ili asiporidhika airudishe.

"Maua gani, Mama?"

"Ya waru. Ya shamba letu."

Kisha akaniambia alichokuwa amemficha hata Murithi: macho yake yanafifia, na daktari amesema hayatarudi kama zamani. Alitaka picha ile aione angali anaona.

Unakumbuka, Baba, viazi hivyo vilipotoa maua? Ulitutoa kitandani mimi na Murithi tuyakate kabla jua halijawa kali. Ulisema maua yanakula chakula cha waru. Tulipita kati ya matuta tukiwa tumelowa umande hadi magotini, wewe mbele na koti lako la kahawia lisilo na vifungo, vidole vyetu vikinuka majani mabichi. Ila laini moja, ile ya mwisho kando ya seng'enge, hukuruhusu iguswe. Nilipokuuliza sababu, uliniambia niendelee na kazi. Nami, kwa kuwa ndimi niliyependa kuchora, nikajua umeniachia mimi. Nilikaa pale na penseli mpaka uji ukapoa. Miaka yote nimeihesabu laini ile kuwa zawadi yangu.

Kwa hivyo nilidhani nayajua maua yale. Nilichora kwa kumbukumbu, nikaifunga picha kwa magazeti, nikaipeleka Embu. Mama aliisogeza dirishani, akaiweka karibu na pua. Halafu akasema ni nzuri, lakini hayo ni maua ya kadi. Yamesimama wima kama watoto wa shule mstarini, na maua ya waru huinamisha kichwa. Akanirudishia.

Niliumia, sitakuficha. Lakini alikuwa amesema kweli, basi nikaenda Kiirua, shambani kwetu. Mama Mwiti, anayelima shamba letu sasa, alinikaribisha bila maswali mengi. Viazi vyake vilikuwa vimechanua, na yeye hakati maua. Nilikalia debe lililopinduliwa kando ya seng'enge, karatasi nzito magotini, rangi za maji pembeni. Maua meupe hayapakwi rangi nyeupe, Baba. Unaacha karatasi yenyewe iwe petali, unapaka vitu vinavyoizunguka. Nikapaka majani, nikapaka udongo, nikaweka kivuli chepesi cha zambarau na tone la njano katikati. Ukungu ukashuka, karatasi ikakataa kukauka, kijani kikaingia kwenye petali mbili. Nusura niitupe. Nikaiacha, kwa sababu asubuhi za pale ndivyo zilivyokuwa.

Safari hii Mama aliitazama huku kidole chake kikifuata shina moja hadi chini.

"Hii ni ile laini ya kando ya seng'enge," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ile uliyokuwa ukiniachia. Akacheka taratibu.

"Wewe? Ilianza kabla hujazaliwa."

Akanisimulia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu, mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na kutazama maua yale ndiko kulikomtoa nje ya nyumba. Ulipoanza kuyakata alilia mbele yako. Hukumjibu neno. Ila ile laini ya mwisho uliiacha, mwaka ule na kila mwaka uliofuata, na hamkulizungumzia jambo hilo tena.

Sikujua habari za mtoto yule. Wala sikujua kwamba uliweza kusema kitu kwa namna hiyo. Nilikuona mtu mkavu, wa jembe na mvua, na nilipoondoka kwenda kusomea uchoraji niliamini hunielewi. Nisamehe. Kumbe nilikaa pale na penseli yangu, katikati ya jambo la watu wawili, na hakuna aliyenifukuza.

Nakukosa sana, hasa sasa, kwa kuwa ninayo maswali ambayo zamani sikujua kuyauliza.

Picha imetundikwa karibu na kiti cha Mama. Asubuhi anaiona vizuri kuliko jioni. Murithi alimkuta akizungumza nayo kwa Kimeru, akamuuliza anaongea na nani. Akasema anaongea na wewe. Nilipomwambia nitakuandikia, alinituma neno moja tu nikuambie: usimngoje mapema huko uliko, bado anaona.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Kendi