Sauti Yako Mdomoni Mwangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wale watundu wawili ninaowajua kwa picha tu. Mgongo je, umeacha kukusumbua? Mimi mwili haujambo, moyo ndio bado.

Habari za msiba ulizipata kwa simu, na simu yenyewe ilikuwa ikikatikakatika. Kuna jambo sikulisema siku ile. Niache nianzie mbali kidogo, nipate ujasiri wa kufika.

Unajua miaka yote nimekaa chumba cha nyuma cha karakana ya miwani, nikisaga lenzi, nimejificha kwenye kelele za mashine kwa sababu nikisimama mbele ya mtu ulimi unaganda. Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya kuhudumia wateja, kule dukani mbele. Niliitaka mno. Mwenzangu wa mashine ya pili, anayenitania eti majirani zangu wanadhani chumba changu hakina mpangaji, akanipeleka kwa mwigizaji mmoja mstaafu. Kila Jumamosi asubuhi anafundisha watu wa kazi za kawaida kusema hadharani, katika darasa la shule ya msingi.

Yule mzee alitukataza kusema kwamba sisi ni waoga. Alimwambia kila mmoja achague mtu anayemjua, asiyeogopa, halafu amvae: anakanyagaje, anavuta pumzi wapi kabla ya kusema, anataka nini anapoingia chumbani. Nilikuchagua wewe. Wiki saba nilipita kati ya madawati yale madogo kifua mbele, shingo juu, nikimalizia maneno kwa kile kicheko chako cha puani. Siku ya usaili meneja aliniuliza nilikuwa wapi siku zote. Nafasi nikapata.

Nilikwenda moja kwa moja hospitali kumpa Mama habari. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, dada. Mimi ninayetengenezea watu miwani, kwa mama yangu mzazi sikuwa na la kufanya. Ilikuwa saa tisa alasiri, wodi imejaa wageni. Niliingia bado natembea kama wewe, nikamwamkia kwa sauti yako bila hata kukusudia. Akageuza kichwa.

"Umekuja, mwanangu mkubwa?"

Nilipaswa kumwambia ni mimi. Lakini machozi yalikuwa tayari yanamtoka. Nikavuta pumzi ya tumboni kama nilivyofundishwa, nikasema, "Nimekuja, Mama."

Aliomba msamaha kwa siku ile alipomfukuza shemeji mbele ya wageni, akisema hamwozi binti yake kwa fundi baiskeli. Alisema miaka sita hajasikia hatua zako mlangoni, na kosa ni lake, si lako. Nikamjibu, "Nimeshakusamehe, Mama. Zamani." Akanishika vidole, akaanza kuniuliza habari zangu mimi mwenyewe. Alisema, "Mdogo wako mtunze. Haongei yule, lakini ndiye aliyekuwa akinishika mkono kwenda msalani." Nikamwahidi nitamtunza.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akafariki.

Basi ndilo hilo, dada. Msamaha ulikuwa wako, nami nimeutoa bila kukuuliza. Labda hukuwa tayari. Labda usingeutoa kamwe, na haki hiyo ilikuwa yako. Ukikasirika, nikasirikie, nitapokea. Mimi mwenyewe sikumuaga mama yangu. Aliyemuaga ni wewe. Dukani wananisifu kila siku, lakini nikirudi nyumbani nakaa kitandani najaribu kumwambia kwaheri kwa sauti yangu, na haitoki.

Nisalimie sana shemeji. Mwambie Mama alipomtaja safari hii, alimtaja kwa jina lake. Wanangu wabusu kwa niaba yangu. Ukipata nafasi njoo, hata kama ni kuja kunigombeza. Kitanda changu kinatutosha wawili.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye.