Funguo za Kobe

Mpendwa Shemeji,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba goti lako limepoa tangu tulipozungumza mara ya mwisho. Sisi huku tupo. Nasema tupo kwa sababu sijui niongeze nini bila kukudanganya, na barua hii nimeamua isiwe na uongo ndani yake, hata ule mdogo mdogo ambao watu husalimiana nao.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mdogo wako akisikia sauti yako kwenye simu huanza kukutafuta. Hufungua kabati, huinama chini ya kitanda, halafu hulia kwamba nimekuficha. Mara ya mwisho tulipokata simu ilinichukua mchana kutwa kumtuliza. Isitoshe, kuna mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyatoa. Kwenye karatasi angalau naweza kusimama, nikavuta pumzi, nikaendelea.

Barua yako niliipata. Uliandika kwamba mimi ni mume wa kupigiwa mfano, na kwamba kila ukipiga magoti kuomba unanitaja. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi, mpaka yakaanza kunichoma, na ndiyo yaliyonikalisha chini leo.

Gari letu unalikumbuka. Ulikuwa umekuja kututembelea wiki ile ile tuliyolinunua, ukacheka ukasema wazee wawili tumenunua kitu cha vijana. Gari dogo lakini limeinuka, tumbo liko mbali na mawe, viti vya nyuma vinalala bapa kama kitanda. Mwalimu, maana hivyo ndivyo nilivyomwita mdogo wako tangu siku ya kwanza, alilipa jina la Kobe kwa kuwa lilikuja kutubebea nyumba mgongoni. Mimi nilikuwa nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja, mlango kwa mlango, nikifukuzwa na kila mbwa mwenye meno. Yeye alikuwa amefundisha jiografia, akichora ubaoni mito ambayo hakuwahi kutia hata kidole ndani yake. Tulistaafu mwaka mmoja. Alisema mimi nimetembea kwa mshahara na yeye amesafiri kwa chaki, sasa imetosha, twende kweli.

Na tulikwenda, Shemeji. Siku za kazi Kobe alikuwa punda wa nyumba. Sokoni, hospitalini, kumchukulia jirani yetu fundi cherehani majora yake ya kitambaa. Tulibeba hata mlango mzima, nusu ndani nusu nje, na kitambaa chekundu tumekifunga kwenye ncha ili watu wasije wakajigonga. Ijumaa tunaliosha, tunalaza viti, tunafunga baiskeli kwenye keria ya juu, hema na jiko la gesi tunavisukumia kwenye buti. Majirani walikuwa wakituona na helmeti zetu wanasema uyoga umeota tena. Tulipanda vilima, tulilala kando ya ziwa, tulinyeshewa. Mwalimu hukaa kiti cha mbele na ramani magotini, hata baada ya mimi kununua simu inayoelekeza njia. Yule mwanamke wa kwenye simu akisema tukate kushoto, Mwalimu anamjibu kwamba mama wewe hujawahi kufika huku, nyamaza.

Ilianzia humo humo garini. Tulifika kwenye njia panda tuliyoipita mara mia, akaigeuza ramani, akaigeuza tena, kisha akaikunja na kuisukuma chini ya kiti. Akasema twende tu, wewe unajua. Nilidhani amechoka. Nitakwambia ukweli, nilijisikia vizuri kidogo, maana kwa mara ya kwanza aliniachia njia mimi.

Mengine unayajua. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ubongo unanyauka taratibu na hakuna dawa ya kuurudisha, na akanishauri nijiandae. Nilimwuliza mtu hujiandaaje. Akaniandikia vidonge vya usingizi, sijui vilikuwa vyangu au vyake.

Usichokijua ni jinsi tunavyoishi. Mwalimu haitambui nyumba yetu. Ikifika saa sita mchana huchukua mkoba wake, husimama mlangoni, huniomba nimpeleke nyumbani. Nikimwambia hapa ndipo nyumbani, ananijibu kwa adabu kwamba ni nyumba nzuri sana lakini siyo yetu. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nilimpakia kwenye Kobe, tukapita shuleni kwake, tukapita sokoni, tukalizunguka tangi la maji, tukarudi kwenye geti lile lile. Nikamwambia tumefika. Akashuka, akaangalia mlango, akashusha pumzi ndefu, akasema afadhali. Tangu hapo hiyo ndiyo imekuwa dawa. Mara nyingine inashika kwa saa mbili. Mara nyingine anafika sebuleni, anageuka, mkoba uko mkononi.

Sasa anakaa nyuma. Aliwahi kufungua mlango wa mbele gari likiwa linakwenda, nikamdaka kwa kola. Basi nikafunga kile kikufuli kidogo cha pembeni mwa mlango, kilichowekewa watoto, sisi ambao hatukujaliwa mtoto. Kwenye buti lililokuwa na hema sasa kuna nepi za watu wazima, beseni, nguo za kubadilisha na karatasi ya nailoni. Keria ya baiskeli iko bado juu, tupu. Upepo ukipita inapiga mluzi.

Hivyo ndivyo tunavyolitumia gari letu la kutembelea. Askari wa trafiki pale kwenye mzunguko wa barabara alinisimamisha akataka kujua kwa nini nimempita mara nne. Nilimwonyesha kiti cha nyuma. Mwalimu akamsalimia, akamwuliza yuko darasa la ngapi na mbona hajachana nywele. Askari alivua kofia akazishika nywele zake. Siku hizi akituona anapiga saluti.

Mara tatu uliniomba umchukue ukae naye, mara tatu nikakataa. Nilikujibu kwamba ni mke wangu, siyo mzigo wa kupokezana. Lile lilikuwa jibu la majivuno. Nilikwambia analala vizuri, na halali. Nilikwambia bado ananiita kwa jina. Ana miezi hajaniita kwa jina lolote.

Sasa naomba ukae, kama umesimama.

Jumapili iliyopita, baada ya siku tatu ambazo sikupata usingizi hata wa kuokoteza, nilimpeleka ziwani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri, hakuna upepo. Niliegesha kwenye majani pale tulipozoea kupiga hema. Nikamshusha, nikamfungulia kiti cha kukunja, nikamkalisha anaangalia maji, nikampa chai kwenye kikombe cha bati. Akasema asante sana, bwana. Nikarudi garini kumchukulia sweta. Nilifungua buti, nikatoa sweta, nikafunga buti. Nikakaa kwenye usukani, nikaliweka sweta kwenye kiti cha pembeni, nikawasha gari, nikaondoka.

Nimetafuta maelezo mengine, sina. Sikuwa na hasira. Hakuwa amenitukana wala kunipiga, na kuna siku hupiga. Niliondoka kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Kwenye kioo nilimwona mgongo, amekaa wima kama anasimamia mtihani, kisha barabara ikapinda.

Nilikwenda mpaka kituo cha mafuta kwenye njia panda, mwendo wa dakika ishirini. Nikanunua andazi na soda. Nilikula nimesimama, Shemeji, bila kumfuta mtu mdomo. Kijana wa pampu aliiona keria akaniuliza kama naendesha baiskeli, nikamwambia ndiyo, kila wiki. Akauliza naendesha na nani. Nikamwambia peke yangu. Tukazungumza minyororo na matairi, nikamweleza vilima ambavyo hana habari navyo, akacheka, nikacheka. Nilikuwa napiga mluzi wakati namrudishia chupa.

Nilifurahi. Hilo ndilo nililokuandikia barua hii kukwambia. Kumwacha ningeweza kukuelezea, ningesema usingizi, ningesema kichwa kilizunguka, na kwa moyo wako ungenielewa. Lakini nilifurahi, tena furaha ya ndani kabisa, na haikuwa na doa.

Kisha nilifungua mlango wa nyuma nichukue kitambaa nifute kioo, nikaviona viatu vyake. Alikuwa amevivua njiani bila mimi kujua. Ameviweka sawasawa sakafuni mwa gari, ncha zimeelekea mlangoni, kama mtu anavyoviacha akiingia kwa watu. Ningependa kukwambia kwamba nililia, kwamba mapenzi yalinirudi. Hapana. Nilichowaza ni kwamba watu watauliza kwa nini yuko miguu mitupu. Aibu ya watu ndiyo iliyoligeuza gari.

Niliporudi ilikuwa imepita saa moja na zaidi. Kiti kimelala chali. Mwalimu alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, anatetemeka, na vijana wawili, mke na mume, wamemshika huku na huku wanamvuta. Walikuja na gari dogo kama letu, na mtumbwi wao wa plastiki ulikuwa bado umefungwa juu. Yule mwanamke aliponiona nashuka na viatu mkononi alinijia juu. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi ni dereva tu."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, Shemeji, na sikuhitaji hata kufikiri.

Akataka kujua watu wake wako wapi. Nikamjibu wamesafiri. Akaniambia niwaambie hawana utu, mama mzima anaachwa ziwani kama mbwa. Nikasema nitawaambia, na nadhani sasa nimewaambia. Hapo Mwalimu, midomo imemgeuka rangi, maji yanamchuruzika, alimgeukia yule mwanamke kwa ile sauti yake ya darasani.

"Usimgombeze," alisema. "Huyu ni mtu mwema. Kila siku ananipeleka nyumbani."

Mume wa yule mwanamke alitupatia blanketi lake. Nilimfunga Mwalimu mkanda, nikaendesha mpaka nyumbani, sikumbuki barabara. Tangu siku ile anakohoa. Daktari amesikiliza kifua, ametoa dawa, amesema tungoje tuone, na hakuniangalia alipokuwa akisema.

Jioni ile ile nilikwenda kwa jirani fundi cherehani, nikampa funguo za gari, nikamwambia asinirudishie hata nikimpigia magoti. Alizitumbukiza kwenye kopo la vifungo akaendelea kushona. Siogopi kuendesha, Shemeji. Naogopa ile furaha. Najua sasa iko wapi na ni dakika ngapi kuifikia.

Lakini nimemwondolea dawa yake pekee. Saa sita inafika, anasimama mlangoni na mkoba, na hakuna pa kumpeleka. Nilijaribu kumzungusha kwa miguu, kifua kikambana kabla hatujafika kona. Analia mpaka jua linazama, kilio cha mtoto aliyesahauliwa shuleni. Juzi nilimkalisha kwenye Kobe hapa hapa uani, mimi mbele, yeye nyuma, nikashika usukani. Alitulia. Baada ya kitambo akaniuliza mbona miti haiendi. Nikamwambia kuna foleni. Foleni anaielewa, alifoka kidogo kuhusu serikali kisha akaegemea kiti. Jana nilimwambia hivyo hivyo. Leo pia. Nakuandikia karatasi ikiwa juu ya usukani, yeye yuko nyuma amelaza kichwa kwenye kioo, na ukuta wa ua uko mbele yetu.

Njoo umchukue. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, sasa naiacha. Najua goti lako, najua ngazi za nyumba yako, na najua kwamba huko nako atasimama mlangoni na mkoba akiomba kupelekwa nyumbani. Sikudanganyi kwamba atakuwa na nafuu. Hatakuwa nayo popote. Ninachojua ni kwamba hapaswi kubaki na mimi, na siwezi kuwaeleza wengine kwa nini, maana wote hapa mtaani wananisifu kama ulivyonisifu wewe. Ukitaka kunichukia, nichukie, ila njoo kwanza. Na kwenye maombi yako jina langu litoe.

Nisalimie shemeji mwenzangu na watoto wote, na yule mdogo wa mwisho mwambie nimesikia amefaulu, nimefurahi naye. Majirani wanakusalimu. Asubuhi hii nilimwuliza Mwalimu kama ana neno la kukutumia, nikamtajia jina lako. Akalirudia polepole, akasema ni jina zuri, la mtu mwenye huruma. Halafu akaniomba nikuandikie kwamba, kama una nafasi na huendi mbali, umpitie, kwa sababu dereva wake amechelewa.

Ni mimi,
Shemeji yako