Sampuli ya Baba

Kasekese,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Dada Spès na kichanga chake wanaendeleaje huko Nsemulwa? Sisi ni wazima, hata mbuzi. Nimeona niandike kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na habari hii si ya majirani.

Ulipoondoka tu, walikuja wataalamu wa miamba na Dokta Verdiana, kiongozi wao. Alitueleza kwamba mawe ya granaiti ya huku yana karibu miaka bilioni mbili. Zamani hizo vipande viwili vya dunia viligongana, kimoja kikazama chini ya kingine, miamba ikayeyuka huko chini, ikapanda na kupoa polepole. Wao huvunja jiwe, wakalisaga na kupima kilichomo, ndipo wajue lilizaliwaje. Baba aliuliza kama vipande hivyo vilikuwa na wenyewe.

Shida ilianza walipochukua jiwe kwa jirani yetu Mzee Lyamba wakalisifia, la kwetu wakaliacha, eti limeozeshwa na mvua. Mzee Lyamba akazunguka kijiji akisema hata miamba inawajua wenyeji. Baba aliumia. Kesho yake akawapelekea jiwe gumu, zuri, akisema amelichimbua nyuma ya nyumba. Wakashukuru, wakaondoka nalo.

Juzi Dokta alipiga simu kwa furaha. Jiwe la Baba halifanani na lolote la Katavi. Huenda chini ya shamba letu kuna kipande cha dunia kisichojulikana, na watakuja na mashine ya kuchimba. Mzee Lyamba sasa anamwita Baba Profesa. Baba ameacha kula.

Mama, kaa chini kwanza. Lile ni jiwe lako la kusagia, alilolibeba Bibi kichwani kutoka Burundi. Baba aliniambia mwenyewe, akiangalia ukuta.

Nilimweleza Dokta ukweli. Alicheka hadi akakohoa. Mashine haiji tena. Anaomba useme Bibi alilitoa mlima gani, maana hana jingine la huko. Mabaki atayarudisha. Nilipouliza ni makubwa kiasi gani, alisema yanaenea kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Baba anasema usiharakishe kurudi, mtoto mchanga anahitaji bibi. Nibusie mtoto, na Spès apumzike.

Baba anakusalimia sana. Amesimama nyuma yangu, anataka niandike tena: sana.

Mwanao,
Emelyne